Hasi Kumi na Nne

Jumatatu mfumo ulipowashwa
katika duka letu la vifaa, nyuma ya Mbuyuni,
ulisema tuna saruji hasi kumi na nne.

Hasi ndiyo nini?
Mfuko upo, au haupo.
Uliopo nikiupiga kofi unatoa vumbi.
Mbazi, mpagazi wetu, alicheka mpaka akakaa chini:
"Dada Aikande, nibebeshe hiyo kumi na nne,
leo mgongo upumzike."

Lusajo hakucheka. Ametumwa kutoka Dar es Salaam,
shati limenyooka, macho yamekesha.
"Mmetoa kabla ya kupokea," alisema.
Ndivyo. Lori la Tanga lilifika saa mbili usiku,
umeme umekwenda,
na fundi wa Kibosho alikuwa na zege la alfajiri.
Ningemwambia zege lisubiri seva?

Miezi saba tumeulisha mdomo ule.
Misumari ya inchi nne iliingia mara tatu:
Msumari 4, Misumari inchi nne, Mis. nne (Himo),
ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana.
Mchanga tunauza kwa tripu,
na tripu ya Mosha si tripu ya Kileo.
Chokaa, kwa debe.
"Debe ni kilo ngapi?"
Inategemea nani anashindilia.
Lusajo akaandika. Akafuta. Akaomba maji.

Semina ilikuwapo, siku mbili, hotelini njia ya Rau,
sambusa, soda, picha ya pamoja.
Waliofundishwa ni mameneja.
Wanaobonyeza ni sisi.

Mama Ndewina wa Uru hulipa kahawa ikiuzwa.
Miaka kumi na moja hajaniangusha.
Siku ile alikuta jina lake limeiva wekundu: AMEZUIWA.
Alilisoma mwenyewe, polepole, kanga begani.
"Nimekosa nini, mwanangu?"
Nikamwandikia bati sita katika daftari jeusi
chini ya kaunta,
ambako mfumo hauna jicho.

Ijumaa tukafunga milango, tukahesabu.
Mbazi anaita, mimi natia tiki, Lusajo anachapa.
Lori la Tanga likaingizwa, hasi ikafutika,
skrini ikasema mia mbili themanini na sita.
Sakafuni: mia mbili arobaini na sita.
Tukarudia.
Tukarudia tena, Mbazi hana tena mzaha.

Hiyo arobaini naijua.
Imesimama Shanty Town, ghorofa ya pili,
imepakwa rangi ya maziwa.
Tajiri alikuwa akituma pikapu, mitano leo, mitano kesho,
bila karatasi: "Mwambie Aikande ajue."
Na Aikande alijua.
Kila mwisho wa mwezi niliandika: imepasuka. Imelowa.
Miaka kumi na tisa nimenyesha mvua
ndani ya stoo isiyovuja.

Sasa kisanduku kinauliza SABABU YA TOFAUTI
na kinanipa maneno manne nichague.
Imepasuka. Imelowa. Imeibwa. Nyingine.
Lusajo alinitazama, kisha akatazama viatu vyake.
Kidole changu kilikaa hewani
kama cha mtu anayebisha hodi nyumba ya msiba.
Nikabonyeza Nyingine.
Pakafunguka nafasi: *Eleza.*

Jumatatu Bwana Elinazi alisimama mlangoni,
funguo za gari zikimlilia mkononi.
Aliisoma ripoti hadi mstari wa saruji,
akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.
"Mfumo huu mbovu," alisema.
"Haujui biashara ya Moshi."
Hakuna aliyemjibu.

Lusajo aliondoka na basi la saa tano.
Kompyuta imebaki, imefunikwa kitambaa cha vitenge
nilichokishona mimi.
Jioni, kabla ya kufunga, hukifunua kidogo.
Kimstari bado kinapepesa pale pale, mbele ya *Eleza*,
kama mtoto aliyeuliza swali mbele ya wageni
na hajaambiwa anyamaze.